Boksi la kindege cha manati cha kurusha ndani: mbao nimezikubali, karatasi ya maelekezo hapana

Wakuu, kuna watu wameniuliza kama haya maboksi ya vindege vya balsa vya kurushia ukumbini yana thamani ya hela yake au ni kuliwa tu. Jibu fupi ni kwamba hela unalipia mbao, na mbao zenyewe ni nzuri kweli, ila kila kinachokuja baada ya gundi kukauka hawajakuelekeza, na hapo ndo kindege kinapofia au kinapopona. Kwa hiyo hii rivyu ni ya boksi lakini karibu nusu yake itakuwa ile kazi ambayo boksi limeikimbia, mtanisamehe kwa urefu. Jina la duka naliacha, nina malalamiko mawili matatu huko chini na sitaki kesi na mtu.

Kwa asiyevijua hivi vitu: hakuna mota, hakuna betri, hakuna rimoti. Ni glaida tupu, bawa la ubao mwembamba, kijiti ndo mwili, mkia wa kulala na pezi lake la kusimama wima, basi. Chini ya pua kuna kindoano cha waya, manati yake ni kijiti cha sm 15 chenye raba, unatundika raba kwenye kindoano, unashika nyuma kwa vidole viwili, unavuta, unaachia, kinapanda mpaka karibu na dari alafu kinaanza kuzunguka chenyewe taratibu huku kinashuka. Mchezo ni mmoja tu, kikae hewani muda mrefu kuliko kilivyokaa jana. Stopwochi ya simu inatosha.

Na kwa nini ndani? Mi nipo Dar, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, kusi ikishaanza kuvuma katikati ya mwaka kindege cha gramu nne huko nje ni karatasi ya pipi tu. Hata bila kusi, nje unakuwa huwezi kujua kama kimeenda kushoto kwa sababu ulikiseti hivyo au kwa sababu upepo umeamua. Ndani hewa imetulia (au karibu imetulia, nitafika huko), kwa hiyo ukibadilisha kitu kidogo unaona matokeo yake hapohapo. Wenzetu wamefika mbali na huu mchezo, Waingereza wamerusha miaka na miaka kwenye mabanda ya Cardington karibu na Bedford, yale yaliyojengewa meli za anga, yaani maputo makubwa ya gesi yenye injini, enzi za ile iliyoitwa R101 iliyoanguka 1930, Romania wanashuka kwenye mgodi wa chumvi wa Slănic ambao dari lake lipo juu zaidi ya mita 50, na Indiana kule Marekani kuna hoteli ya West Baden Springs ya mwaka 1902 yenye kuba la kipenyo cha mita 61, watu wanarusha vindege katikati ya lobi. Huko kwenye dari refu glaida ya kurusha kwa mkono inapita dakika nzima hewani. Sisi na kumbi zetu za mita sita tunaongelea sekunde kumi na kitu, na niamini, sekunde kumi na kitu ukiwa umesimama umeshika pumzi ni nyingi.

Haya, boksi. Dola 16, na usafiri dola 14, yaani nauli karibu sawa na abiria. Ndani kuna vipande viwili vya bawa vya mm 2 vilivyokatwa tayari kwa leza, upana wa bawa zima ukishaunganisha ni sm 30, kuna ubao wa mkia na pezi wa mm 0.8, kijiti cha mwili cha balsa ngumu zaidi, kindoano, raba, bonge la plastisini, kichupa cha gundi na karatasi moja ya maelekezo imekunjwa mara nne. Nilivyofungua tu nikatoa mizani, zile ndogo za mfukoni wanazotumia masonara, na hapo ndo nikaanza kulipenda hili boksi.

Iko hivi. Balsa mti ni uleule, nyingi inatoka Ecuador, lakini uzito wa ubao mmoja na mwingine unaweza kupishana mara mbili na zaidi kutegemea mti ulivyokua na sehemu ilipokatwa. Dukani huo utofauti hauonekani, zote ni nyeupe, zote laini, zote bei moja. Njia pekee ni mizani na hesabu ya darasa la sita: ubao wa mm 2, upana sm 10, urefu mita moja ni sentimita za ujazo 200. Ukiupima ukakuta gramu 18, gawanya, ni 0.09, huo ni wa kindege cha ndani kabisa. Ukikuta gramu 34, ni 0.17, huo tengenezea boksi la kalamu. Mwanzoni kabla ya hili boksi niliagiza shiti tupu kwa muuzaji mwingine wa mtandaoni, ameandika kabisa "nyepesi sana", ikaja ya gramu 34, na nilipomwandikia akanijibu kwamba balsa zote ni nyepesi. Sasa bawa la hili boksi kabla ya kupigwa msasa lilikuwa gramu 3.3. Lingekatwa kwenye ile shiti nyingine lingekuwa gramu sita na ushee, bawa peke yake, wakati kindege changu kizima kilichomalizika, na gundi yake na plastisini yake, ni gramu 4.4. Hapo hakuna ufundi wa kuokoa, kizito kitashuka haraka tu.

Kitu kingine walichokifanya vizuri ni mkato wa mbao. Chukua kipande cha bawa ukigeuzegeuze kwenye mwanga wa dirisha, utaona vimadoamadoa vinavyong'aa, hiyo ina maana ubao umechanwa kufuata kati ya gogo kwenda nje, na ubao wa namna hiyo ni mkaidi, haukunjiki kirahisi kwa upana. Usiokuwa na madoa unakunjika, mzuri kwa kuviringisha bomba ila kwa bawa la namna hii utapindapinda wiki ya kwanza. Vipande vyote viwili vya bawa vilikuwa na madoa, na vimepishana gramu 0.1 tu. Kuna mtu kule kiwandani amekaa anachagua mbao moja moja, na huyo mtu ndo anayestahili dola zangu 16.

Sasa ujenzi. Mkia na mwili ni kazi ya jioni moja, sitapoteza muda hapo. Shughuli ni bawa, kwa sababu linakuja limekatwa umbo la juu tu, ni bapa, na wewe ndo unatakiwa ulitengenezee mgongo kwa msasa. Karatasi yao inasema bawa lipigwe msasa lifuate mchoro, na mchoro wenyewe ni mdogo kama ukucha. Ninavyofanya mimi: chini linabaki bapa, juu sehemu nene kabisa ibaki theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, hapo usiguse sana ibaki karibu na mm 2 zake, kisha linashuka taratibu kwenda nyuma mpaka ukingo wa nyuma unakuwa kama nusu milimita, na mbele unaviringisha kidogo tu. Ukienda nchani linapungua unene zaidi, maana uzito wa nchani ndo unaofanya kindege kizubae kugeuka. Laza bawa juu ya kioo au vigae, sio mezani, meza za mbao zina mawimbi usiyoyaona. Msasa ubandike kwenye kipande cha ubao ulionyooka, usishike na vidole, vidole vinachimba mashimo. Anza na namba 120, nenda 240, malizia 400. Nilienda kuomba mabaki ya 120 kwa fundi seremala jirani, akaichukua ile balsa akaipima mkononi akanitazama, "Sasa bosi, hii ni mbao au umekata mkate?" Nikamwachia kipande mpaka leo kipo pale karakana anawaonyesha wateja.

Vumbi lake ni jepesi mno linaingia puani, fanyia barazani na uvae barakoa. Bawa langu kutoka gramu 3.3 likatoka 2.4. Unapiga msasa, unapima, unapiga, unapima, na pande zote mbili zipungue pamoja, ukimaliza upande mmoja kwanza alafu uje kuufukuzia wa pili hutaupata.

Kuunganisha katikati: mabawa yanasimama herufi V, kila ncha inainuka kama sm 3.5. Kuna kipimo cha karatasi wameweka ukate ukisimamishe chini ya ncha, kiko sawa. Ila angalieni kitu kimoja, leza imeacha kingo zimeungua zina rangi ya kahawia, na gundi haiingii vizuri kwenye mbao iliyoungua, kwa hiyo kwangua ule weusi wote kwanza. Kiungo cha katikati mi natumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo tu, nasubiri usiku kucha, kwa sababu supaglu inashika haraka lakini inakuwa ngumu kama... inakuwa ngumu tu, na kikigonga ukuta kiungo kinakatika chote. Supaglu iache kwa kindoano na pezi. Ile gundi ya kwenye boksi usihangaike nayo, kichupa changu kilifika kimeganda.

Mkia usiugundishe moja kwa moja. Hii karatasi haisemi na ni muhimu kuliko yote iliyosema. Weka nukta mbili ndogo za gundi, moja mbele moja nyuma, ili baadae uweze kuung'oa kwa wembe na kuuinamisha, maana utauinamisha.

Haya tuje kwenye penyewe. Karatasi ya maelekezo, neno kwa neno kwa Kiswahili changu, kuhusu kukiseti kindege baada ya kukijenga, inasema: ongeza plastisini puani mpaka kipae vizuri. Basi. Mstari mmoja. Nikacheka. Mwaka 1804 Sir George Cayley kule Uingereza alitengeneza kimodeli cha glaida, bawa la kishada kwenye fimbo, na tayari akaweka mkia unaorekebishika pamoja na uzito wa kusogeza mbele na nyuma. Huyo bwana alijua kwamba uzito na mkia ni mazungumzo ya watu wawili, ukigusa kimoja unamjibu mwenzake. Hawa miaka mia mbili baadae wananiambia plastisini.

Kwanza kabisa, kabla ya kurusha, kishike kwa nyuma usawa wa jicho ukitazame kinavyoenda mbali na wewe. Bawa la kushoto na la kulia yawe na mwinuko mmoja, ukingo wa nyuma usiwe umepinda sehemu. Kikiwa kimepinda kirekebishe sasa: puliza pumzi ya moto ya mdomoni kwenye ile sehemu, kunja kinyume kidogo kuzidi unapotaka, shikilia mpaka mbao ipoe, achia. Balsa inakubali. Kama kimepinda na wewe ukaanza kuongeza plastisini, utaseti kasoro juu ya kasoro.

Pili, kinapobalansi. Wameweka alama chini ya bawa, takriban katikati ya upana wake kutoka mbele kwenda nyuma. Anzia hapo, ncha za vidole viwili chini ya bawa, plastisini puani mpaka kitulie usawa.

Tatu, kirushe kwa mkono, bila manati, kutoka begani, ukikisukuma tu kuelekea sakafuni mbele kama mita saba nane, pua imeinama kidogo sana. Usikitupe, kiachie kiende. Kikienda kinapanda pua, kinasita, kinadumbukia, kinapanda tena, yale mawimbi, maana yake ama pua nyepesi ama mkia unainua pua mno. Kikidondoka moja kwa moja kama kina haraka, kinyume chake. Kwa hapa watu wengi wanakimbilia plastisini, lakini subiri, kwa sababu manati inakuja kubadilisha kila kitu.

Hiki kindege kina maisha mawili. Kikitoka kwenye manati kina kasi kubwa, juu kule kikianza kushuka kina kasi ya mtu anayetembea. Nguvu ya hewa kwenye bawa na mkia inaongezeka kwa mraba wa kasi, kasi mara tatu nguvu mara tisa. Kwa hiyo ukingo wa nyuma wa mkia ukiwa umekunjwa juu kidogo tu, kwenye kushuka taratibu utaona raha, kinaelea vizuri, ila ukivuta manati kule kwenye kasi ule mkunjo mdogo unageuka mkono wa jini, kinapiga duara la juu kinarudi kukugonga kichwani. Dawa ni kupunguza ule mkunjo wa mkia uwe karibu na sifuri, alafu upunguze plastisini ili uzito urudi nyuma kidogo, kushuka kule kunarudi vizuri bila ya mkia kulazimisha. Punguza plastisini kwa punje ya mchele, rusha, punguza. Ukizidisha kinakuwa kimelewa, hakiamui kama kinapanda au kinashuka, hapo rudisha punje moja. Changu kimetulia nyuma ya alama yao kama mm 5.

Nne, kuzunguka. Ukumbi una kuta, lazima kizunguke, duara la mita sita saba hivi. Wengi wanakunja pezi, na pezi kwenye kasi ya manati nalo linaleta yaleyale ya mkia, kinajisokota kinaingia sakafuni. Bora zaidi ni kuinamisha mkia mzima. Ukikitazama kwa nyuma, ukitaka kizunguke kushoto, inua upande wa kushoto wa mkia, ule mwinuko wa mkia unasukuma nyuma ya kindege kwenda kulia na pua inakuja kushoto. Ndo maana nikasema nukta mbili za gundi. Kama mm 4 nchani inatosha kuanzia. Alafu bawa la kushoto, lile la ndani ya duara, lipe msokoto mdogo karibu na mwili, ukingo wa nyuma ushuke nusu milimita, ili lisidondoke ndani ya duara lenyewe.

Mimi mkono wa kulia, kwa hiyo nakirusha kimelalia kulia, kama nusu ya robo duara, pua juu, kinapanda kikikata kulia, kasi ikiisha juu kile kilichosetiwa kushoto kinachukua hatamu, kinageuka kimya kinaanza duara la kushoto. Hiyo hapo juu, pale kinapobadilisha mkono, ndo ufundi wote ulipo. Kikifika juu kikasimama na kurudi kwa mkia, kimekosa mgeuko au umekirusha wima mno. Kikigeuka mapema kabla ya kufika, umezidisha mwinamo wa mkia. Mpwa wangu wa kidato cha kwanza, ndo mshirika wangu wa humo ukumbini, siku kilipogeuka vizuri akanishika mkono, "Anko usikiguse tena, usikiguse kabisa." Na kweli sikukigusa siku hiyo. Manati vuta nusu kwanza, sio yote, hata kama raba inakuita.

Kuhusu ukumbi wenyewe, hili ndo hakuna boksi lolote litakuambia kwa sababu wanaoyatengeneza wana majimu yaliyofungwa na hita. Sisi tunatumia ukumbi wa shule ya mtaani, ukuta una matofali ya matundu juu na madirisha ya luva ambayo nusu yake hayafungi. Mlinzi anatufungulia, Mungu ambariki, na cha kwanza ni "Mzee shikamoo, tunaomba tuzime feni." Feni za dari lazima zizimwe mapema, zikishasimama hewa bado inazunguka dakika kadhaa, utaona kindege kinavutwa upande mmoja bila sababu. Saa nzuri ni asubuhi, saa moja mpaka saa tatu. Baada ya hapo upepo wa bahari unaanza kuingia kwenye matundu, na bati likishapata jua hewa ya juu inapata moto, kindege kinaweza kukaa kule kwa sekunde mbili za bure, unajiona bingwa, kesho yake asubuhi hazipo. Nyakati zangu asubuhi hewa ikiwa imelala ni sekunde 11, 12, siku kimekubali 14. Kwa dari la mita sita mi naona sio mbaya, kinashuka kama nusu mita kwa sekunde.

Na unyevu. Jamani unyevu. Balsa inakunywa maji ya hewani, Aprili unakiacha kabatini kimenyooka unakikuta ncha ya kushoto imeinama kama inasikiliza kitu. Mkia wa mm 0.8 ndo wa kwanza. Mi nakihifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikusanye usivitupe. Na kila siku kabla ya kurusha unarudi kule kwenye kukitazama kwa nyuma. Walioandika karatasi hawajawahi kuishi Mbagala wala Mombasa.

Malalamiko mengine, haraka haraka. Vipimo vyote ni inchi, na vya sehemu ya kumi na sita ya inchi, mwenye rula ya shule ajipange. Tundu la pezi kwenye mwili limekatwa halipo katikati, limeenda pembeni karibu milimita nzima, nimelijaza na vumbi la balsa na gundi nikakata upya. Raba ilifika ina vijinyufa, nadhani joto la safari, ilikatika mapema sana nikatumia raba bapa za kufungia noti, zile nyembamba za stoo za stationari, zinafanya kazi lakini hazina nguvu sawa kila moja kwa hiyo ukipata nzuri itunze gizani. Kijiti cha mwili kilikuwa na upinde kidogo, nikakigeuza upinde uangalie juu, haikuleta shida.

Kuna wanaouliza kwa nini nisinunue zile za kuchomekachomeka tu, kama za Guillow's ya Marekani, kampuni ya toka 1926, unafungua unachomeka bawa unarusha. Ni nzuri kwa mtoto wa chekechea uwanjani na hazina msasa wala gundi, ila ni vitu viwili tofauti, bawa la zile ni ubao bapa wa kuhimili kugonga mti, hazikutengenezwa zielee ukumbini. Na kuna wanaokata stairofomu ya maboksi ya tivii. Hiyo mi nimeona watoto wanaitumia na inapaa, ni bure, na ukitaka kumfundisha mtoto mambo ya mkia na uzito kabla hujatoa dola 30 anza na hiyo kabisa. Ila haipandi na manati, inajikunja kwenye kasi.

Nyota: mbao tano, vifaa vidogo viwili, karatasi sifuri. Kama wewe ni mtu wa kufungua boksi na kucheza jioni ileile, usinunue, utakitupia ukutani wiki ya kwanza. Kama una mtoto mvumilivu, au wewe mwenyewe ndo huyo mtoto, nunua, na mkiwa watatu wanne agizeni pamoja kwa sababu usafiri wa maboksi manne ulikuwa unaongezeka dola tatu tu pale nilipojaribu kwenye kikapu chao. Waandikieni pia wawauzie vipande vya bawa peke yake, mimi nimewaandikia wakakubali, bawa tupu ni dola 5 na uzito wake wanakuandikia kwa penseli juu ya ubao.